Kijana anapoanza kupotea: familia inavyomsukuma, na inavyoweza kumrudisha

Kwenye bomba la maji, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya mgao, kuna habari ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: kijana wa fulani ameharibika. Anakunywa waragi tangu asubuhi. Analala nje. Ametajwa katika wizi wa betri ya sola. Baada ya habari hufuata hukumu. Wengine husema ni damu, hata baba yake alikuwa hivyo. Wengine humgeukia mama na kumkumbusha methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Hukumu zote mbili zina kasoro. Familia ina nguvu kubwa juu ya njia anayoifuata kijana wa kiume aliye katika matatizo, lakini nguvu hiyo haimo katika damu, wala haiko kwa mama peke yake. Imo katika mambo ya kila siku: nani anamuuliza nini, kwa sauti gani, pesa zinapokelewaje, mlango unafungwa lini. Mambo hayo yanaweza kubadilishwa hata katika nyumba ya turubai, hata mgao ukiwa umepungua.

Makala hii ni kwa wazazi, walezi, kaka, dada, wajomba na mashangazi, kwa viongozi wa vijiji wa wakimbizi na wa wenyeji, na kwa vijana wenyewe.

Kijana wa mfano wetu

Kijana tutakayemtaja hapa si mtu fulani. Ni mfano tu, ingawa wengi watadhani wanamfahamu.

Alivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2022, akiwa na miaka 15, pamoja na mama na wadogo zake watatu, wakitoka Rutshuru. Baba alibaki nyuma kutazama ng'ombe na hajasikika tena. Walipita kituo cha Nyakabande, wilaya ya Kisoro, kisha wakapelekwa makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Kule kwao alikuwa sekondari, akisoma kwa Kifaransa. Hapa masomo ni kwa Kiingereza, kwa hiyo aliwekwa darasa la tano la msingi pamoja na watoto wa miaka 11. Alivumilia muhula mmoja.

Akaanza kubeba mzigo sokoni. Baadaye akapata pikipiki ya kukodi, ambayo mwenyewe alitaka pesa yake kila jioni, abiria wawepo wasiwepo. Akajifunza kubeti. Pikipiki ikachukuliwa. Leo ana miaka 18, ana deni, na ana marafiki wanne ambao mama yake hataki kuwaona uani.

Mpaka hapa hakuna jambo la ajabu. Vita, shule iliyokatika, kazi isiyo na uhakika na umri wenyewe vinatosha kumtikisa mtu. Isitoshe, tangu mwaka 2023 msaada wa chakula nchini Uganda umekuwa ukitolewa kwa viwango tofauti kulingana na hali ya kila kaya, na mwaka 2025 ulikatwa tena kiasi cha kuziacha kaya nyingi bila mgao wowote. Familia haikuyaleta hayo. Lakini kuanzia hapa, kinachotokea nyumbani kitaamua mengi.

Sufuria isiyouliza

Jioni moja kijana anarudi na shilingi 30,000. Hajafanya kazi wiki nzima. Anampa mama 20,000 na kusema, "Nunua unga na mafuta."

Mama anajua. Pia anajua watoto hawajala tangu jana. Anapokea, anamshukuru, hamuulizi. Wiki inayofuata anapokea tena.

Hatuandiki haya kumlaumu mama wa aina hiyo. Njaa ni njaa. Lakini kijana anasoma somo katika ukimya ule: pesa hizi zinanipa heshima nyumbani, na hakuna mwenye shida na zinakotoka. Siku akitaka kuacha, atakuwa anaacha pia kuitwa "baba wa nyumba".

Kuna njia ya katikati kati ya kupokea kimya na kumtupia pesa usoni. Mama anaweza kusema: "Mwanangu, asante kwa kuwafikiria wadogo zako. Lakini pesa nisiyojua imetoka wapi inanitia hofu. Niambie." Akikataa kusema, mama anaweza kutoipokea siku hiyo na bado akampakulia chakula. Kwa maneno hayo kijana anaelewa kwamba mama anamtaka yeye, na hataki pesa ile.

Mzunguko wa kelele

Katika jimbo la Oregon, Marekani, mtafiti Gerald Patterson na wenzake walikaa miaka mingi wakitazama familia zenye watoto wakorofi, nyumbani kwao, saa baada ya saa. Waliona kitu ambacho mzazi yeyote atakitambua. Mzazi anatoa amri. Mtoto anakataa. Mzazi anapandisha sauti, mtoto naye anapandisha zaidi. Mwishowe mzazi anachoka na kuacha. Au siku nyingine anampiga, na mtoto anatii kwa saa moja.

Kila mmoja amejifunza jambo. Mtoto amejifunza kwamba ukipiga kelele za kutosha, unashinda. Mzazi amejifunza kwamba maneno hayafai, ila fimbo. Jambo hilo likirudiwa mara mia, nyumba nzima inakuwa haina lugha nyingine. Kijana anaibeba lugha hiyo mpaka uwanjani, kwenye foleni ya maji na kwa mchumba wake.

Mzunguko huo haukatwi kwa amri kubwa zaidi. Unakatwa kwa amri chache, ndogo, zinazosimamiwa bila kelele. Kwa kijana wa miaka 18 amri 20 hazisimamiki, lakini mbili zinawezekana: "Usilete pombe ndani ya nyumba hii. Ukilala nje, nitumie ujumbe kabla ya saa nne usiku." Akivunja, kuna matokeo yaliyokwisha kusemwa, madogo na ya kweli. Akitimiza, aambiwe kwamba imeonekana. Wazazi wengi ni wepisi wa kuona kosa, lakini siku kijana anapotimiza wananyamaza.

Ukimuuliza kama polisi

Kuna imani kwamba mzazi mzuri ni yule anayemfuatilia mtoto: anamuuliza maswali, anampekua, anatuma wadogo wamchungulie. Ni kweli kwamba vijana ambao wazazi wao wanajua walipo na wako na nani huingia kwenye matatizo kidogo kuliko wengine. Lakini je, wazazi hao wanajua kwa njia gani?

Mwaka 2000 watafiti wawili waliofanya kazi Uswidi, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walilichunguza swali hilo kwa vijana wa miaka 14. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya kile wazazi wanachokijua hakitokani na upelelezi. Hutokana na kijana kusimulia mwenyewe, kwa hiari.

Basi swali linabadilika. Badala ya kuuliza "nitamfuatiliaje?", mzazi ajiulize "kwa nini aniambie?" Kijana akisimulia jambo dogo na likarudishwa kwake kama silaha siku ya ugomvi, hatasimulia tena. Akisema "leo tulipigana" na jibu la kwanza likawa kofi, kesho atasema alikuwa sokoni. Ukimuuliza kama polisi, atakujibu kama mtuhumiwa.

Vijana wengi wa kiume hawasemi wakikaa uso kwa uso. Husema wakiwa kazini na mtu: wakilima, wakifyatua tofali, wakitengeneza baiskeli, wakirudi na magaloni ya maji. Mjomba anayemwomba kijana amsaidie kupandisha bati siku nzima anaweza kusikia mengi kuliko kikao cha wazee kilichoitwa kumkanya.

Kaka mkubwa

Kwenye nyumba ambamo baba hayupo, mtu anayetazamwa zaidi mara nyingi si mama. Ni kaka mkubwa, au binamu, au mjomba kijana.

Huko London kusini watafiti walianza mwaka 1961 kuwafuata wavulana 411 wa mtaa mmoja wa watu wa kipato cha chini, wakaendelea nao mpaka utu uzima. Moja ya matokeo yaliyowashangaza wengi ni kwamba chini ya asilimia 6 ya familia zilibeba nusu ya makosa yote yaliyohukumiwa mahakamani. Uhalifu ulikuwa umekaa katika nyumba chache, ukipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana na kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo.

Mtu anaweza kusema: basi ni damu. Lakini watoto wa nyumba moja hawashiriki damu tu. Wanashiriki umaskini, mtaa, marafiki, maneno, na jina. Kijana mwenye jina lililochafuka husakwa kwanza kila kuku akipotea. Akiona anahesabiwa mwizi kabla ya kuiba, kizuizi kimoja kimeondoka.

Kwa familia za makazi, funzo ni hili. Ukimsaidia kaka mkubwa kusimama, umewasaidia na wadogo watatu nyuma yake. Na kama kaka mkubwa tayari yuko ndani ya matatizo, wadogo wahitaji mtu mwingine wa kumtazama: kocha, mwalimu, fundi cherehani, mzee wa msikiti, muimbishaji wa kwaya. Si vema kuwaambia wadogo, "Mtakuwa kama yule." Watoto husikia kama ahadi.

Baba aliyepoteza nafasi yake

Ukimbizi hugeuza nyumba juu chini. Baba aliyekuwa na shamba, ng'ombe au duka sasa anasubiri jina lake liitwe. Mtoto wa miaka 16 anajifunza Kinyankole na Kiingereza haraka kuliko yeye, kwa hiyo yeye ndiye anayemtafsiria baba yake hospitalini, ofisini, mbele ya askari. Anasikia mambo ambayo mtoto hapaswi kusikia juu ya baba yake. Akirudi nyumbani baba anataka heshima ile ya zamani, naye mtoto ameshamwona akiomba.

Baadhi ya akina baba huokoa heshima hiyo kwa fimbo au kwa pombe. Wengine hujitoa kimya kimya: wapo nyumbani, lakini hawapo. Kijana hupoteza baba aliye hai.

Akina baba wanaosoma hapa, mtoto wa kiume hahitaji uwe na ng'ombe ili akutazame. Anatazama unavyozungumza na mama yake mkikosa chumvi. Anatazama unavyojizuia ukidharauliwa. Mwambie ukweli: "Hapa mimi sijui lugha, wewe unanisaidia, nami nashukuru. Lakini mambo ya nyumba tutayaamua pamoja na mama yako." Usimtume mtoto kutafsiri habari nzito za mwili au za ndoa yako. Baadhi ya ofisi na vituo vya afya vina wakalimani, na unaweza kumwomba mmoja.

Kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwaka 2013, mradi uitwao REAL Fathers uliwafikia baba vijana wenye miaka kati ya 16 na 25, katika maeneo yaliyopitia vita vya LRA. Kila kijana alipewa mlezi, mwanamume anayeheshimika katika jamii hiyo hiyo, ambaye alimtembelea na kuzungumza naye kwa miezi kadhaa kuhusu mke, mtoto na hasira. Tathmini ilionyesha kwamba ukali dhidi ya wake na kuwapiga watoto ulipungua. Mlezi hakuwa mtaalamu kutoka mbali. Alikuwa jirani aliyeaminika.

Wanaorudi na doa

Baadhi ya vijana wetu wamepita katika makundi yenye silaha, wengine kwa nguvu, wengine kwa kukosa njia. Baadhi wamefungwa. Wanaporudi, swali la kwanza ni kama nyumba itawapokea.

Nchini Sierra Leone, baada ya vita kwisha mwaka 2002, mtafiti Theresa Betancourt na wenzake waliwafuata kwa miaka mingi watoto na vijana waliokuwa wametumikishwa vitani. Yaliyowapata msituni yalikuwa na uzito, hasa kwa waliolazimishwa kuua au waliobakwa. Lakini yaliyowapata baada ya kurudi nayo yalikuwa na uzito mkubwa. Waliobaguliwa na kuitwa majina walikuwa na uhasama na huzuni zaidi. Waliokubaliwa na familia na jamii waliimarika zaidi. Kaskazini mwa Uganda pia, uchunguzi uliofanywa miongoni mwa vijana waliotekwa na LRA ulionyesha kwamba wale waliokuwa na uhusiano wa karibu na familia zao walikuwa na mateso ya moyo madogo kuliko wengine.

Kukubali si kusema hakuna kosa lililofanyika. Ni kumwambia: "Wewe ni wetu. Tulichokikataa ni kile ulichofanya, na tutakusaidia kukilipa."

Mtu mmoja anatosha kuanza

Wazazi wengi wataona wamechelewa. Hebu tuangalie kisiwa cha Kauai, Hawaii. Mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955. Baadhi walizaliwa katika umaskini, ugomvi wa nyumbani, wazazi walevi au wagonjwa wa akili. Katika kundi hilo lililokuwa hatarini, karibu theluthi moja walikua vizuri, wenye kazi na upendo. Walichofanana wengi wao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashika: bibi, shangazi, dada mkubwa, mwalimu. Hakulazimika kuwa mzazi.

Na hata miongoni mwa waliokuwa na matatizo wakiwa vijana, wengi walitengemaa walipofika miaka ya 30 na 40. Utafiti mwingine wa Marekani, uliofanywa Boston juu ya wavulana 500 waliokuwa wakorofi na kufuatiliwa mpaka uzee wao na Robert Sampson na John Laub, uliona vivyo hivyo: ndoa yenye mapenzi na kazi ya kudumu viliwageuza wengi ambao jamii ilikuwa imeshawaandika kuwa wabaya.

Kwa hiyo methali ile ya mama na ulimwengu tuisome vizuri. Shangazi, jirani, na mwalimu nao ni sehemu ya ulimwengu. Ulimwengu unaweza kumfunza kijana kwa rungu au kwa kumshika mkono.

Kijana akikamatwa

Turudi kwa kijana wetu. Usiku mmoja betri ya sola inapotea kwa jirani mwenyeji. Watu wanakuja uani na fimbo. Saa hiyo, hatua za familia zinaweza kuokoa uhai.

*Kwanza, mtoe mikononi mwa umati.* Piga simu kwa mwenyekiti wa RWC, kwa mwenyekiti wa LC1 wa wenyeji, na polisi kwa namba 999 au 112. Mtu anayeshukiwa akiwa kituoni, yuko salama kuliko akiwa barabarani.

*Pili, fika kituoni.* Wazazi wengi huogopa au husema, "Akae huko ajifunze." Sheria ya Watoto ya Uganda inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Polisi wanapaswa kumjulisha mzazi au mlezi mara moja mtoto anapokamatwa, na mzazi awepo anapohojiwa, isipokuwa kama kuwepo kwake kutamdhuru mtoto. Mtoto hapaswi kuwekwa pamoja na watu wazima, na hapaswi kukaa mahabusu ya polisi zaidi ya saa 24 kabla ya kufikishwa mahakamani. Kwa mtu mzima, Katiba inatoa saa 48. Mkimbizi ana haki hizo sawa na raia.

*Tatu, beba uthibitisho wa umri.* Kadi ya familia yenye tarehe ya kuzaliwa inaweza kubadilisha kila kitu kwa kijana wa miaka 16 au 17 mwenye mwili mkubwa.

*Nne, usilipie dhamana ya polisi.* Dhamana ya polisi nchini Uganda haina malipo. Familia zinazouza mahindi ya mgao ili kumtoa mtoto zinapoteza chakula kwa kitu ambacho ni bure.

*Tano, tafuta suluhu pale inaporuhusiwa.* Kwa makosa madogo ya watoto, kama wizi, kuharibu mali au kupigana, sheria inaruhusu baraza la kijiji kusikiliza na kuamua kuomba radhi, kurudisha kitu au kulipa fidia. Polisi nao wanaweza kulimaliza jambo dogo kwa onyo bila kulipeleka mahakamani. Makosa makubwa, hasa ubakaji na unajisi wa watoto, hayamalizwi kwa mbuzi na soda kati ya familia mbili. Hayo ni ya polisi na mahakama, hata kama mshtakiwa ni mwanao.

Kwa kijana wetu, tuseme betri ilipatikana, na viongozi wa pande zote mbili wakakaa chini ya mti mmoja. Kinachosaidia hapo ni familia kusimama pamoja naye, si kumtetea kwa uongo na si kumtupa. Mama asiseme "mwanangu hawezi." Mjomba asiseme "mfanyeni mtakavyo." Waseme: "Amekosa. Ataomba radhi mwenyewe. Atamlimia mwenye betri siku tutakazokubaliana, nami nitakuwa naye siku ya kwanza." Jirani aliyeibiwa ana haki ya kuona kosa limetambuliwa. Bila hiyo, uchungu wake utageuka kuwa uchungu wa wenyeji kwa wakimbizi wote, au wa wakimbizi kwa wenyeji.

Mambo sita ya kuanza nayo wiki hii

1. Chagueni mtu mmoja katika ukoo au jirani ambaye kijana bado anamheshimu. Huyo awe wa kuzungumza naye. Wengine wapunguze mawaidha.
2. Punguzeni sheria za nyumba zibaki mbili au tatu. Zisemwe wakati wa utulivu, mchana, hakuna aliyelewa.
3. Mpeni jukumu la kweli lenye heshima: kumpeleka mdogo shule, kushika daftari la akiba, kusimamia bustani. Kumtuma tu hakuhesabiki.
4. Msimlinganishe na binamu aliyeko Ulaya au Marekani. Na ndugu walioko huko: mkituma pesa, zungumzeni pia na kijana mwenyewe. Simu ya dakika kumi kutoka kwa kaka aliye mbali ina uzito.
5. Zungumzeni juu ya baba asiyejulikana alipo. Ukimya haumlindi kijana. Anaweza kuambiwa: "Hatujui. Nasi tunaumia. Jina lake tunaendelea kulitaja." Chama cha Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta ndugu waliopotezana.
6. Mwekeeni chakula. Hata siku ya ugomvi, hata akichelewa.

Mapenzi yasiwe kifo

Kuna nyumba ambamo kijana anampiga mama, anauza vyombo, anawatishia wadogo kwa kisu. Kumpenda mwana hakumlazimu mama kuvumilia kupigwa. Ni sahihi kuhama kwa jirani usiku huo, kuita viongozi, kuita polisi. Ni sahihi kumwambia kijana atalala kwingine mpaka awe salama kwa wengine, huku akijua nani wa kumwendea na lini ataongea na familia tena.

Pia kuna kijana asiyepiga mtu, bali amenyamaza. Halali, hali, anasema heri afe, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaruka kila mlango ukibamizwa. Huyo hana jeuri wala hajarogwa. Apelekwe kituo cha afya na aonekane na mhudumu wa afya ya akili. Maombi yanaweza kwenda pamoja na dawa. Kumfunga kamba kunazidisha ugonjwa.

Pa kupata msaada nchini Uganda

Anza na walio karibu: mhudumu wa afya wa kijiji (VHT), mwenyekiti wa RWC au LC1, na mashirika ya ulinzi wa watoto na msaada wa sheria yaliyo kwenye makazi yako. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto. Namba 0800 323 232 ni ya bure kwa maswali na malalamiko ya wakimbizi, na unaweza kuzungumza kwa Kiswahili. Huduma zote hizi ni bure. Ukiombwa pesa au kitu kingine chochote ili usaidiwe, toa taarifa kwa namba hiyo hiyo.

Tukimwacha kijana wetu wa mfano hapa, hatujui atakuwa nani. Bado ana deni. Marafiki wale wanne bado wanapita barabarani. Lakini Jumatatu ana siku ya kulima kwa jirani, na mjomba amesema atakuja mapema na jembe la pili. Usiku huu amerudi saa tano, watu wamelala. Juu ya meza kuna sahani iliyofunikwa. Hajasema kitu, amekula, amejifunika. Kesho mama ana mahali pa kuanzia.